Riwaya ya utumwa kwa mtoto: ya bahari ya Atlantiki au ya pwani yetu, uanze na ipi?

Kila likizo ya skuli ikikaribia napata swali lile lile kutoka kwa wazazi wenzangu, mtoto wangu ana miaka kumi, kumi na moja, kashaanza kusoma mwenyewe bila ya kulazimishwa, nataka nimpe kitabu cha hadithi kinachoeleza habari za utumwa, nimchukulie kipi? Na ukivitafuta vitabu vyenyewe utaona viko vya namna mbili. Kuna riwaya za Atlantiki, mtoto anatekwa Afrika Magharibi, anapakiwa melini, anakwenda kuuzwa Marekani au visiwa vya Caribbean. Hizi ndizo nyingi, na nyingi zake za Kiingereza, tunaletewa na jamaa zetu waliopo Uingereza. Halafu kuna za huku kwetu, mtoto anatekwa bara huko upande wa Ziwa Nyasa au Tanganyika, anashushwa pwani kwa miguu, anavushwa mpaka Unguja, anauzwa. Hizi chache na ukiipata moja ishike vizuri.

Mie nakaa mtaa wa Ng'ambo, hapa mjini Unguja, nasoma na watoto wa mtaani barazani baada ya alasiri, mwaka wa sita huu, na namna zote mbili nshazisoma nao. Kwa hiyo ninayosema hapa ni niliyoyaona kwa watoto wenyewe, wapi walinyamaza, wapi waliuliza, wapi walichoka wakaanza kupigana vikumbo.

Jibu langu kwa mtoto wa Unguja au Pemba ni kwamba aanze na ya pwani. Lakini si ya pwani yoyote tu, na ntaeleza kwa nini, manake ya pwani ikiwa mbovu inaharibu zaidi kuliko ya Atlantiki.

Mwaka wa kwanza nilianza na ya Atlantiki kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo. Kitabu kizuri kweli, watoto walikisikiliza mpaka adhana ya magharibi ikatukuta. Tulipomaliza, kijana mmoja wa darasa la tano akasema, mwalimu, bora sisi huku hayakutufika. Akasema hivo na tumekaa pale, ambapo kutoka barazani mpaka Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa, unakwenda kwa miguu hata jasho halijakutoka. Wenzake wote wakaitikia, ee bora. Nilikosa la kusema siku ile wallahi. Mtoto amezaliwa kwenye kisiwa ambacho kwenye miaka ya 1860 makadirio ya wanahistoria yanafika kiasi cha watu 20,000 kwa mwaka waliokuwa wakishushwa hapa, na kitabu nilichompa mie mwenyewe ndicho kilichomfanya aamini kwamba jambo hili ni la Marekani.

Sasa nisizionee riwaya za Atlantiki, zina jambo moja ambalo zinatushinda mbali. Zinampa mtoto jina. Kabla ya kutekwa unamjua mama yake, unajua wanakula nini, unajua anaogopa nini usiku, na ukifika ule ukurasa wa kutekwa unaumia kama kaibiwa mtoto wa jirani. Nadhani hii inatokana na Olaudah Equiano, ambaye alikiandika kitabu cha maisha yake mwenyewe London mwaka 1789, anasimulia alivyoibiwa pamoja na dada yake akiwa na miaka 11, wakatenganishwa, akabadilishwa jina mpaka akaja kujikomboa kwa kununua uhuru wake mwaka 1766. Waandishi wa watoto wa upande ule wana msingi huo, sauti ya mtu aliyefikwa na mambo anayasema kwa mdomo wake. Hadithi za upande wetu mara nyingi zinaanzia kwa mwenye mali. Tippu Tip, yule tajiri wa pembe na watumwa, ambaye nyumba yake bado ipo Shangani, kayaeleza maisha yake kwa Kiswahili kitamu kabisa, safari zake zote na biashara zake, lakini wale waliobeba pembe zake na waliofungwa kwenye misafara yake hawakupata wa kuwaandikia namna ile. Kwa hiyo mwandishi wa riwaya ya pwani asipojitahidi anajikuta kampa jina tajiri na kamuacha mtoto anaitwa "mtumwa" tu kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho.

Na haina haja iwe hivo, kwa sababu sauti za watoto wa huku zipo! Skuli ya misheni ya Kiungani, hapa hapa Unguja, vijana waliokombolewa kutoka kwenye majahazi waliandika wenyewe walivyotekwa, walikotoka, walivyopitishwa mkono kwa mkono, na A. C. Madan wa misheni ile akazitafsiri kwa Kiingereza zikatoka kitabu mwaka 1887. Ukiona mwandishi wa riwaya ya watoto kaandika kama mtu aliyezisoma habari za vijana wale, yaani mtoto anauzwa kwa nguo, anauzwa tena, anasahau lugha ya kwao kidogo kidogo, chukua kitabu hicho.

Tuje kwenye safari, hapa ndipo namna hizi mbili zinapoachana kabisa na ndipo mzazi anapotakiwa aangalie umri wa mtoto wake. Kwenye riwaya ya Atlantiki mateso yote yamo ndani ya meli. Wanahistoria wanakisia watu milioni 12.5 walipakiwa na waliofika wakiwa hai ni kama milioni 10.7, wiki sita, nane, hata zaidi, watu wamelazwa chini kwenye ngama wamefungwa pamoja, na mwandishi mzuri hakufichi. Mtoto wa miaka tisa hatolala. Nimeona mwenyewe, mama mmoja alinijia akaniambia mwanangu tangu mumsomee ile sura ya meli anataka taa iwake usiku kucha. Kwetu bahari ilikuwa fupi, kutoka Kilwa Kivinje mpaka Unguja kwa upepo wa kusi ni siku chache tu, ingawa kwenye jahazi watu walibanwa na walikufa vile vile. Kwetu mateso yako nchi kavu. Kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 1,000, unapita Tabora, miezi unatembea, na njia ya Ziwa Nyasa kuteremkia Kilwa nayo hivo hivo, shingo kwenye makongwa, na anayeshindwa anaachwa. Kwa hiyo riwaya ya pwani inayomfikisha mtoto Unguja kwenye sura ya pili mie siinunui. Imeruka yale yenyewe.

Uzuri wa zile sura za njiani zikiandikwa vizuri ni kwamba mtoto anaona watu wengi walivyoingia ndani ya biashara hii. Anaona Wayao wanaoleta mateka kutoka ndani, Wanyamwezi wanaobeba mizigo kwa malipo, Waarabu na Waswahili wenye misafara, Wahindi wa mjini wanaokopesha mtaji, Wafaransa waliokuwa wakija Kilwa tangu karne ya 18 kununua watu wa kwenda kulima miwa Mauritius na Réunion. Ile riwaya inayomuweka mtu mmoja mwenye ndevu na bakora halafu basi, hiyo ndo niliyosema inaharibu. Kisiwa chetu hichi watu tumechanganyika, mtoto anatoka barazani pale anamwangalia mwenzake kwa jicho jengine, na mie sitaki hadithi yangu iwe sababu.

Kwenye kazi za watumwa, hapa pwani inashinda moja kwa moja. Riwaya ya Atlantiki itakupa pamba na miwa ya mashamba makubwa ambayo mtoto wetu hayajui, itabidi usimamishe usomaji ueleze. Ya huku ikifika shambani inamkuta mtoto kwao. Karafuu! Mtoto wa Pemba anajua kuchuma, anajua kuchambua makonyo, anajua kuanika kwenye majamvi na kukimbilia kuanua mvua ikija. Unamwambia tu, mikarafuu hii ilistawishwa hapa wakati wa Sultani Seyyid Said na waliopanda na kuchuma ni watumwa, anaelewa bila ya kamusi. Na kuna jambo ambalo natamani waandishi walitumie zaidi, tufani la mwaka 1872. Liliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, ndipo Pemba ikawa kisiwa cha karafuu na mikono ikatakiwa kule wakati ule ule ambao Waingereza wanambana Sultani afunge soko. Mtoto wa riwaya anayepelekwa Pemba mwaka 1874 kwa jahazi la usiku, hapo una hadithi.

Pia maisha ya shamba ya huku yana mambo ambayo ya Atlantiki hayana na mtoto lazima ayajue yalivyo, si kwa kuyapamba wala kuyafanya sawa na kule. Mtumwa wa shamba kwa desturi alikuwa na Alkhamisi na Ijumaa zake kulima kishamba chake. Wa mjini wengine walikuwa wanatolewa kufanya kazi kwa watu, wanapewa kijikaratasi, wakirudi wanagawana ujira na bwana, na neno kibarua ambalo leo tunalitumia kila siku ndo linatoka huko. Nilipowaambia watoto hivo walikaa kimya kabisa. Baba zao wengi ni vibarua. Mtu mzima mmoja alinishauri nisiwaambie habari ya Alkhamisi na Ijumaa kwa sababu watadhani utumwa wa huku ulikuwa mwepesi. Sikubaliani naye. Mtoto anaelewa vizuri tu kwamba mtu mwenye siku mbili zake bado siku tano si zake, na watoto wake pia wanaweza kuuzwa.

Mwisho wa hadithi ndo penye mtego mkubwa, na kwa mie hichi ndicho kipimo cha kuchagulia. Riwaya za Atlantiki nyingi zinajua kwamba sheria si mwisho. Uingereza ilipiga marufuku biashara 1807, ikafuta utumwa kwenye makoloni yake kwa sheria ya 1833, Marekani mpaka 1865, Brazil 1888, na waandishi wa kule wanaonyesha mtu kawa huru lakini hana ardhi, hana karatasi, anarudi kulima shamba la yule yule. Za pwani zinapenda kuishia tarehe 5 Juni 1873, Sultani Seyyid Barghash katia saini, soko limefungwa, meli ya Kiingereza inapepea bendera, watu wanalia kwa furaha, mwisho. Si kweli jamani. Mwaka 1873 kilichokatazwa ni kusafirisha watu baharini na kuwauza sokoni, na saini yenyewe ilipatikana baada ya John Kirk, balozi wa Uingereza hapa, kutishia kwamba manowari zitakifunga kisiwa. Aliyekuwa mtumwa siku ile alilala mtumwa. Utumwa wenyewe ulikuja kufutwa kisheria hapa visiwani tarehe 6 Aprili 1897 wakati wa Seyyid Hamoud, na hata hapo ulitakiwa uende mwenyewe ukaombe uhuru wako, wenye watumwa ndo wakalipwa fidia, na masuria hawakuingizwa mpaka 1909. Fikiria mtoto aliyetekwa na miaka kumi mwaka 1870. Akifika 1897 ana miaka 37. Riwaya inayomfuata mpaka hapo ni riwaya. Inayomuacha 1873 kamaliza mwandishi, yeye bado yuko shambani.

Hapa nikitaje kitabu kimoja kwa sababu wazazi wengi wananiuliza, Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichapishwa 1934, na wengi wanakihesabu ni katika riwaya za mwanzo kabisa za Kiswahili. Mbotela alikuwa mtoto wa mtu aliyekombolewa, alikulia Freretown, kijiji cha waliokombolewa kule Mombasa, kwa hiyo anayasema ya wazee wake na mie namheshimu sana kwa hilo. Lakini usimpe mtoto wa miaka kumi akisome peke yake. Waingereza mle ndani ni wakombozi tupu, na hukumu inawaangukia Waarabu, na mtoto hatojua kwamba meli za Waingereza hao hao karne iliyotangulia zilikuwa katika zilizobeba watu wengi kabisa kuvuka Atlantiki. Kisome naye, akiwa mkubwa kidogo, na akiwa kashasoma ya Atlantiki tayari atakukamata mwenyewe, atakuuliza, hawa si ndo wale?

Mambo madogo ya kukagua dukani kabla hujatoa pesa, unafungua tu kurasa mbili tatu. Ikiwa riwaya inasema mtoto anauzwa Mkunazini huku kengele ya kanisa inalia, rudisha, kanisa kuu la Anglikana lilianza kujengwa baada ya soko kufungwa, pale pale kwenye kiwanja cha soko, na Askofu Steere ndiye aliyelisimamia. Vile vyumba vya chini wanavyoonyeshwa watalii pale Mkunazini navyo, mwandishi makini anavitaja kwa hadhari, kwa sababu wamo wanahistoria wanaosema jengo la juu yake ni la baadaye. Mangapwani ni jengine, kile chumba kilichochongwa kwenye jiwe karibu na bahari kinasimuliwa kuwa kilitumika kuficha watu baada ya 1873, biashara ilipokuwa ya magendo. Kwa hiyo hadithi ya mwaka 1850 haina kazi ya kumficha mtu Mangapwani wakati soko liko wazi mjini! Makosa kama haya mtu anaweza kuona ni ya kitoto, lakini mwandishi aliyekosea hapo ujue na mengine hakuyauliza.

Kuna swali ambalo riwaya ya Atlantiki haitokuletea na ya pwani itakuletea, ujitayarishe. Mtoto atakuja kukuuliza, sisi tulikuwa watumwa au tulikuwa na watumwa? Mie niliulizwa na mtoto wa dada yangu nikiwa nakuna nazi. Bibi yangu wa Pemba alikuwa akiulizwa asili yake anasema "mie mtu wa hapa hapa" halafu anabadilisha mazungumzo, na nilipokua ndo nikajua kwa nini. Nilimjibu mtoto kwamba inawezekana vyote viwili, nyumba nyingi za visiwa hivi ziko hivo, na nikamsimulia habari za Bibi Salme binti Said, mtoto wa Sultani aliyezaliwa Mtoni 1844, mama yake suria, Mcherkesi aliyeletwa kutoka mbali kabisa. Riwaya ya pwani inayogusa habari za masuria kwa adabu, bila ya kuzificha na bila ya mambo ya chumbani, ni ya miaka kumi na mbili kwenda juu. Ikiwa mtoto wako mdogo zaidi soma wewe kwanza.

Sasa ukishamaliza ya pwani, unamvushaje mtoto aende ya Atlantiki asione ni habari mbili mbali mbali? Kwa kitambaa. Merikani. Mabibi wetu wote wanalijua neno hilo, ile bafta nzito ya rangi ya maziwa. Baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wakawa wanaileta hapa kwa shehena, wanarudi na pembe za ndovu na gundi ya sandarusi. Merikani ilifumwa kwenye viwanda vya kaskazini ya Marekani kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini. Ikifika Unguja inafungwa mitumba inapelekwa bara, na huko bara ndiyo ilikuwa kama pesa, pamoja na ushanga. Mtoto wa riwaya yetu ya pwani kauzwa kwa vipande vya merikani, na mtoto wa riwaya ya Atlantiki ndiye aliyeichuma ile pamba. Nilipolisema hili barazani yule yule aliyesema bora sisi, sasa yuko darasa la kumi na bado anakuja, alikichukua kile kitabu cha Atlantiki akaomba akisome tena kutoka mwanzo.

Kwa hiyo mie napanga hivi. Miaka tisa mpaka kumi na moja, ya pwani, yenye mtoto mwenye jina na safari ya njiani iliyoelezwa, na mzazi yupo karibu. Kumi na mbili kumi na tatu, ya Atlantiki, hapo meli ataihimili. Baada ya hapo Mbotela, na akiweza Kiingereza habari za wale vijana wa Kiungani. Ukiwa umeikosa kabisa ya pwani yenye maana, basi bora uanze na Atlantiki nzuri kuliko pwani ya mtu mmoja mwenye bakora, ila usifanye kosa langu la kufunga kitabu ukaondoka. Walio mjini wampeleke mtoto Mkunazini kwenye lile shimo lenye sanamu za watu watano wamefungwa minyororo shingoni, la mwaka 1998. Walio Pemba hawana haja ya kupanda boti. Msimu wa karafuu ukifika mwende naye shamba, achume mpaka adhuhuri, akapimiwe pishi zake alipwe chake mkononi, halafu mkae chini ya mti mfungue ile sura ya shambani.